Sindano ya Mama kwa Pazia

Kama kuna mwenye amesomea unesi hapa, anijibu haraka.

Leo mchana binamu yangu Nekesa amenichora tatuu hapa kwetu Bungoma. Nyota ndogo tu kwa mkono, anadunga doti moja moja na sindano ya kushona na wino. Damu ikatoka, tukapanguza, tukapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nikajiona staa, bana.

Kisha mama akaingia, akaangalia pazia, pale huwa anachomeka sindano yake.

"Nani ametoa sindano yangu hapa? Jana niliwatoa watoto wote wa jirani funza nayo."

Nikavuta sweta nikafunika mkono.

Nekesa ananinong'onezea ati nisijali, aliichoma na kibiriti.

Nimemuuliza, kabla ya kunichora ama baada?

Amevaa slipas zake, ameenda kwao.