Hamisheni: Darasa Ambalo Bango Halina Mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa mgeni nimekaa nyuma ya darasa, mwalimu wa usanifu wa michoro anagonga meza kwa rula. "Hamisheni," anasema. Wanafunzi kumi na mmoja wanaacha mabango yao nusunusu na kwenda kuendeleza ya wenzao.

Ndiyo maana wanamwita Mwalimu Hamisha. Bingwa wa rangi anapewa maandishi, mpiga picha anachora nembo. Hakuna wa kujificha kwenye anachokiweza.

Leo binti mmoja, wa kumi na mbili, hajanyanyuka. Ana mkono mwepesi kuliko wote na, mgema akisifiwa, mwajua tena. Bango lake la siku ya chanjo linaenda kuchapwa saa sita, na asubuhi hii zahanati imepiga simu: chanjo imehamishwa kutoka Jumatano hadi Ijumaa.

Mwenzake aliyepaswa kurekebisha tarehe hiyo anasema maandishi hayashikiki kwenye kompyuta, hayabadiliki. Binti ameunganisha kila kitu kikawa picha moja.

"Niliogopa wataniharibia, mwalimu."

Anaulizwa kama alibakiza nakala ya kurekebishika. Hana.

Mwalimu hagombi. Anavuta kiti, anawasimulia alivyofanya hivyohivyo miaka kumi na minne iliyopita, akiwa msanifu wa kiwanda cha uchapaji. Akaugua, akalazwa, tarehe ikabadilika, wenzake wakashindwa kuigusa. Bango likabandikwa na siku ya zamani.

"Kuna mama alitembea mwendo wa saa tatu na mtoto mgongoni, akakuta mlango wa zahanati umefungwa," anasema. "Alikuwa dada yangu. Hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma."

Binti anatazama saa ya ukutani, kisha anageukia wenzake.

"Jamani, peke yangu siwezi. Nisaidieni."

Wanagawana: huyu picha, yule maandishi, mwingine kuhakiki tarehe mara tatu. Wanabishana kuhusu ukubwa wa herufi kama mawifi jikoni. Saa sita kasoro dakika kumi bango linatoka, Ijumaa ikisomeka toka mlangoni. Si zuri kama la kwanza, na binti analisema hilo bila kununa.

Wakienda kula, mwalimu ananiambia kwamba mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa jicho, na atakuwa nje wiki sita. Chuo hakina mwalimu mwingine. Anataka darasa liongozwe na binti huyo.

"Jana nisingethubutu," anasema. "Leo nimemsikia akiomba msaada."