Komeo la Mlango wa Nyuma

Shule nilisoma miaka miwili tu, pale Kidugala, na sehemu kubwa nilikuwa napiga kengele. Kengele yenyewe kipande cha chuma kimening'inizwa. Mwalimu aliniambia, "Kusoma hujui, lakini saa unaijua." Wenzangu walicheka. Ila kengele ile ndiyo iliyonipa kazi enzi za Mwingereza, maana tajiri mmoja wa Makambako alitaka mtu wa kupiga kengele na kutunza ghala lake la pareto. Niliyoyaona humo ukitaka kuyacheka, cheka. Mimi nilikuwepo.

Ghala lilikuwa refu, mwisho mmoja lina tanuri la kukaushia maua. Akina mama walichambua pareto ndani, mke wangu akiwa mmoja wao. Nyapara wetu, Mwalongo, aliwafungia kwa kufuli wasiibe, ufunguo akaenda nao kilabuni. Mlango wa nyuma ulizibwa na magunia, na komeo lake lilikuwa kwa nje. Ndoo nyekundu za kuzimia moto? Zilikuwepo sita. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nyapara alihifadhi humo ulanzi wake. Na mimi nilikunywa, sifichi.

Alasiri moja ukungu ulishuka hata miguu yako huioni. Nikiwa nje, mzee akasimama mbele yangu, koti limelowa, ananuka masizi.

"Kamwene," akanisalimu Kibena.

"Kamwene, baba."

"Ndoo zako zina nini, mwanangu?"

Nikageuka kutazama mlango.

"Na moto ukiwaka, hawa mama zetu watatokea wapi?"

Akanishika mkono. Niamini, katika baridi ile kiganja chake kiliunguza kama sufuria iliyotoka jikoni. Mkono wa pili alishika ufunguo ulioyeyuka, umejikunja. Kupepesa macho, hayupo, na kwenye nyasi zilizolowa hakuna alama ya mguu.

Siku hiyo nyapara alikuwa hajafunga bado; nilikimbia ndani. Nikamwaga ulanzi wote, nikajaza ndoo maji ya pipa, nikaanza kusogeza magunia. Nyapara akaingia.

"We mpiga kengele! Ulanzi wangu uko wapi?"

"Kuna mzee kaja, nyapara. Anasema moto..."

"Mzee! Umeumaliza wewe, sasa unaona wazee. Haya, sogeza, na ukimaliza utayarudisha kwa mgongo wako."

Akatufungia wote, akaenda zake.

Magunia hayajafika nusu, moshi ukatoka tanurini. Pareto kavu haingoji. Tulimwaga zile ndoo sita, moto ukapungua kidogo tu. Akina mama wakavuta magunia pamoja nami, wanakohoa, wanamwita Mungu. Tukaufikia mlango. Nikasukuma.

"Baba Tula!" mke wangu akapiga kelele. "Komeo liko nje!"

Ndugu yangu, kazi yote ile, nami nilikuwa nimelisahau komeo!

Ndipo tukasikia linaondolewa. Polepole, kama mtu mwenye vidonda mikononi. Mlango ukafunguka. Nje ukungu mtupu. Tukahesabiana mara mbili: tumetoka wote. Kwenye komeo pamebaki alama nyeusi ya kiganja.

Mama mmoja mtu mzima aliiona akaketi chini. Kaka yake alikuwa mlinzi wa ghala moja la Njombe lililoungua; alikufa akihangaika na kufuli, watu wako ndani.

Mpaka leo kiganja changu hupata joto nikiingia nyumba yenye watu na mlango mmoja. Wewe unayetunza jengo la mtu, usingoje kuulizwa na wa aina ile. Onja maji ya ndoo zako. Toka nje ulitazame komeo.

Tajiri alijenga ghala jipya, akamfukuza Mwalongo, akaniita. "Nyapara sasa ni wewe. Wafungie vizuri." Akanipa funguo mpya. Nikazipitisha vidoleni mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa moto, umeyeyuka, umejikunja.

Nikazitundika msumarini, nikamchukua mke wangu, nikashika njia ya Kichiwa. Sikurudi tena.