Sabuni ya Lami

Tuovi alipoona damu kwenye chupi aliifua upesi, mumewe Reijo asije akaiona. Kizazi kilishatolewa mwaka juzi, pamoja na vifuko vya mayai, kwa sababu ya uvimbe. Sasa damu inatoka wapi? Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, tone moja moja, na hakumaliza mwaka.

Sisi watu wa Savo, huku Ufini, tunasema, ikiwa sauna, pombe na lami havikukuponya, basi ugonjwa huo utakuzika. Ukaidi mtupu, na Tuovi alikuwa nao tele. Kabla ya damu hiyo, alipoanza kukauka na kuwashwa ukeni, hakumwambia mtu. Kila Jumamosi, saunani, kibanda cha kuogea kwa mvuke kando ya ziwa, alijisugua mpaka ndani kwa sabuni nyeusi ya lami ya misonobari aliyopewa na wifi yake, Irmeli. Ilimuunguza kama pilipili. Akajiambia dawa haikosi uchungu. Kitandani akawa anamgeuzia Reijo mgongo, na Reijo, bubu wa kujitakia, hakuuliza.

Damu ilipozidi, woga ukaushinda ukaidi. Alikwenda kituo cha afya. Daktari, binti wa rika la mwanawe, alimchunguza taratibu mno hata Tuovi akaamini anatafuta maneno ya kumpa pole.

"Mama, huku unajisafishia nini?"

"Sabuni ya lami."

"Ya lami! Mama yangu, huu ni uke, si mtumbwi wa kuzibwa kwa lami!"

Tuovi hakuweza kucheka. "Nina saratani?"

"Sioni dalili yake. Kipimo nimechukua ili tuwe na hakika. Kovu la upasuaji limepona vizuri. Ila ukishatolewa vifuko vya mayai, ngozi ya ndani hukauka, ikawa nyembamba, sabuni imekuchubua. Osha nje tu, kwa maji matupu. Nitakuandikia krimu ya homoni ya kupaka ndani. Na damu ikirudi, usikae nayo."

Tuovi alilia palepale, bila haya. Majibu ya kipimo nayo yalirudi safi.

Jumamosi iliyofuata, saunani, Irmeli alimsukumia sabuni. "Shika, wifi. Au siku hizi umekuwa malkia, huogi?"

Tuovi akamsimulia yote, mpaka mtumbwi, akingoja kicheko. Irmeli hakucheka. Aliyamwagia maji mawe ya moto jikoni mwa sauna, mvuke ukapanda.

"Kumbe ni ukavu tu," akasema. "Afadhali. Yangu nilidhani balaa."

"Yako? Irmeli, wewe si ulikoma hedhi zamani?"

"Inatoka tangu theluji iyeyuke. Nami najisugua."

Na sasa ulikuwa msimu wa uyoga, miezi mitano tangu theluji hiyo. Tuovi alisisimkwa na baridi ndani ya joto lile.

"Jumatatu asubuhi tunakwenda kwa daktari."

"Si umesema ni ukavu?"

"Wangu mimi. Wewe kizazi bado unacho. Lazima ichunguzwe damu yako inatoka wapi."

Irmeli aliigeuzageuza sabuni mkononi. Maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu kitu.

"Wifi," akasema, "utaingia nami mpaka ndani?"