Nilikataa Kutia Sahihi, Marisel Anafungiwa Mlango

Makomredi, nanyi nyote mnaosoma ukurasa huu, mlioko Bellevue, Yeoville, Lubumbashi, Tanga na kwingineko: nawasalimu kwa jina la mapambano, ingawa leo sina uhakika kama bado nina haki ya kulitamka neno hilo. Admini, nakuomba unifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Lubumbashi, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne katika chuo kimoja hapa Johannesburg. Mama yangu ni fundi cherehani, tunaishi chumba kimoja Bellevue. Pale chuoni nina vyeo viwili: msemaji wa kamati ya mgomo, na nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu.

Katika timu hiyo yupo Mfilipino nitakayemwita Marisel. Kwao, mpira wa wavu ni kama soka kwetu; alianza akiwa na miaka saba kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa, na magoti yake yana makovu ya saruji ile mpaka leo. Ni mfupi. Makocha wa kwao walimwambia wazi kwamba hatapiga mpira juu ya wavu kamwe, basi akajifunza kuokoa. Akawa libero, yule mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Alichezea shule, kisha klabu ndogo, klabu ikavunjika. Mwaka 2016 shangazi yake, muuguzi hapa Johannesburg, akamwita. Chuo kilipomwona akiokoa mipira, kikampa ufadhili wa michezo. Kibali chake cha kukaa nchini kinasimama juu ya ufadhili huo.

Huniita "Ate". Kwao ndivyo mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Mwaka jana tuligoma kwa ajili ya akina mama wanaofanya usafi chuoni, wanaoajiriwa na wakala na kufukuzwa bila hata barua. Dai lile lilikuwa la haki, na nitalitetea hadi kaburini. Nilisimama mbele ya umati nikatangaza: "Mimi nahodha, kalamu yangu imegoma! Hakuna mchezo juu ya sakafu iliyopigwa deki kwa machozi!" Umati ulilipuka. Nakiri kwamba niliupenda mlipuko ule.

Siku mbili baadaye tulikuwa na mechi. Mtu wa klabu moja ya Misri alikuwa amekuja kumtazama Marisel. Asubuhi hiyo kamati iliamua michezo iendelee, kwa kuwa akina mama wenyewe waliomba tusiwaumize wachezaji. Ujumbe ulinifikia kwenye simu nikiwa chumba cha kubadilishia nguo. Niliusoma. Nikaurudisha ndani ya begi. Nje, wanafunzi walikuwa tayari wakiimba jina langu.

Kabla ya mechi, nahodha hutia sahihi karatasi ya mchezo. Refa alinisogezea kalamu.

"Haya, nahodha, tuanze."

"Siweki sahihi. Timu nzima imegoma."

"Timu nzima? Wenzako si hao wanapasha misuli?"

"Andika hivyo."

Mchezaji mwenzetu mmoja alinong'ona, "Eish, dada, sisi lini tumegoma?" Marisel alikuja mbio. "Ate, mtu wa Misri amekaa pale. Tafadhali." Kisha akamgeukia refa: "Nitaweka sahihi mimi." Refa akatikisa kichwa. Kanuni hazimruhusu libero kuwa nahodha. Akasimama pale na jezi yake ya rangi tofauti, mikono ikining'inia. Refa aliandika nilichosema, akawapa wapinzani ushindi. Mtu wa Misri akaondoka kabla jasho la wachezaji halijakauka.

Niliiambia kamati kwamba ujumbe ulinifikia umechelewa. Wakaniamini.

Sasa ofisi ya michezo imekataa kumwongezea Marisel ufadhili kwa kuwa karatasi inasema timu nzima iligoma. Ufadhili wangu ni wa masomo, haukuguswa. Kocha alijaribu kumtetea, akaambiwa kwamba sauti ya timu ni nahodha. Nikiandika barua kwamba nilikataa peke yangu, kinyume cha kamati, watalifikiria upya suala lake. Mimi nitapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Nilimweleza Mama. Aliacha cherehani. "Mwanangu, batakufukuza. Na karatasi yako ya kukaa itakufa pamoja na masomo. Wewe unasema mapambano. Mimi nauliza, tutaenda wapi?"

Marisel hajui kuhusu ujumbe ule. Wiki iliyopita alinishika mkono akasema, "Ate, sikulaumu. Ulifanya kwa ajili ya wale mama." Makomredi, afadhali angenizaba kofi. Hata nikiandika, Misri wameshamchukua libero mwingine. Atakachopata labda ni muhula mmoja wa kumaliza masomo, na hilo nalo ni labda. Nikinyamaza, atarudi kwao akiwa na miaka ishirini na mitatu, hana klabu wala shahada, huku akilitaja jina langu kwa heshima.

Nimeianza barua hiyo mara tano. Mimi niliyewafundisha wenzangu kuandika matamko, sentensi ya kwanza imenishinda. Nishaurini: niandike nimwangamize Mama pamoja nami, au ninyamaze niishi na heshima nisiyostahili?

Msichelewe kunijibu. Ofisi inapokea barua mpaka Jumatatu jioni. Siku hiyo hiyo tuna mkutano wa hadhara wa kuwatetea wale akina mama wa usafi, mbele ya ukumbi wa michezo, saa sita kamili mchana. Msemaji mkuu ni mimi, na Marisel amesema atasimama mstari wa mbele.