Mzungu Aliyeulizia Jina la Kwembi

Protus Kwembi alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Sulimaniyah, Riyadh, kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakumpa mtu nakala ya ikama yake, kibali chake cha ukaazi, bila kuuliza kwanza inakwenda wapi. Gari likipelekwa gereji, alisimama palepale mpaka boneti ifungwe. Simu ikiita kwa namba ngeni, aliipokea akanyamaza, amngoje mwenzake aanze. Wakenya wenzake walimwita Inspekta, naye hakuchukia.

Siku ujumbe ulipoingia alikuwa ameegesha nje ya duka la nguo, akimsubiri madam. Uliandikwa kwa Kiingereza safi. Mwandishi alijitaja kuwa Rosamund Quenby, mwalimu mstaafu wa Uingereza, mwenye miaka sabini na moja. Alisema anaamini kwamba marehemu Wycliffe Kwembi wa karibu na Kitale, babake Protus, alikuwa binamu wa babake yeye. Aliomba wazungumze.

Protus aliusoma mara tatu. Jina la babake halikuwa popote kwenye simu yake.

Ijumaa alikwenda Al-Shumaisi kwa rafiki yake Danson, mlinzi wa ghala, akamwonyesha.

"Achana na huyo," Danson alisema. "Leo ni binamu, kesho ni urithi wa babu, keshokutwa anataka picha ya ikama. Halas, basi, mblok."

"Mkora angemjuaje mzee wangu?"

"Hapo sasa. Kuna mtu wa kwenu anauza habari."

Neno hilo lilimkaa. Jina Kwembi halikuwa la Kibukusu, kabila lao, na pale kijijini kila mtu alilijua hilo. Babake alikuwa mweupe kuliko ndugu zake wote wa kambo, na mtu akimuuliza sababu, aliinuka akaondoka. Nyanya yake Protus, Namalwa, mama mzazi wa babake, aliulizwa mara nyingi jina lilitoka wapi. Jibu lake lilikuwa moja: "Kwembi ni Kwembi."

Halafu kulikuwa na shamba. Ekari zao sita, ambazo babake aligawiwa baada ya uhuru, zilikuwa ndani ya shamba kubwa lililokuwa la mzungu zamani. Protus aliunganisha mambo. Mzungu haulizii ukoo wa dereva bure. Anataka ardhi.

Akaamua kumtega. Aliandika: "Kama unatujua, mama mzazi wa baba yangu aliitwa nani?"

Jibu lilifika asubuhi iliyofuata. "Namalwa. Alikuwa mpishi katika shamba la Rupert Quenby. Nimeambiwa alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto."

Badala ya kumtuliza, jibu hilo lilimtia baridi. Kovu lile lilikuwa dogo, na Namalwa alikuwa amekufa miaka arobaini iliyopita. Alilijua tu mtu aliyelala naye nyumba moja. Aliyebaki kijijini kati ya hao alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, Naftali, ambaye ndiye aliyekuwa akilima zile ekari na kutunza hati. Protus aliacha kupokea simu zake. Naftali alipiga siku nne mfululizo, kisha akanyamaza. Protus akauona hata huo ukimya kuwa ushahidi.

Mwezi uliofuata madam alitaka kwenda Jeddah kumwona mamake, na Protus akaendesha safari nzima. Njiani ujumbe mwingine uliingia: Rosamund alikuwa amekuja Jeddah kama mtalii, na kama Protus angeweza kusafiri kutoka Riyadh, angependa wakutane Ijumaa alasiri kwenye mkahawa mmoja ulioelekea bahari, karibu na Ruwais. Mwanamke wa miaka sabini na moja anapanda ndege mpaka Saudia kwa ajili ya jina? Protus alijibu kwamba atakuja. Hakumwambia mtu, hata dadake Lorine, aliyefanya kazi za nyumba papo hapo Ruwais na ambaye kwa kawaida alikuwa wa kwanza kujulishwa na Protus akifika mjini.

Alifika saa nzima mapema, akaegesha ng'ambo ya barabara, akakaa ndani ya gari akitazama. Aliona familia zikiingia na kutoka. Kisha akamwona bibi mzungu mwembamba, mwenye kofia ya majani na bahasha kubwa, akichagua meza ya nje. Dakika chache baadaye mwanamke aliyevaa abaya akaketi mbele yake. Walishikana mikono kama watu wanaojuana. Mwanamke yule alipogeuza uso, Protus alimtambua. Alikuwa Lorine.

Alivuka barabara bila kutazama magari.

"Kwa hiyo ni wewe," alimwambia dadake, bado amesimama.

"Keti, Protus. Watu wanatuangalia."

"Umempa namba yangu. Umempa na kovu la kukhu Namalwa. Umempa nini kingine? Hati ya shamba?"

"Hakuna mtu anataka shamba lako!" Lorine alisema. Kisha akashusha sauti. "Kukhu aliniambia mimi. Nyinyi wanaume hakutaka mjue. Nilikuwa na miaka tisa, nikimkanda miguu, akaniambia babake baba aliitwa Quenby, na watu wa kijijini wakalitamka Kwembi. Mwaka jana nikalitafuta hilo jina kwa simu. Nikapata ukurasa wa ukoo wao mzima. Unajua huo ukurasa ulisema nini juu ya Rupert? Kwamba alilima Kenya, akafa bila mtoto. Bila mtoto, Protus. Nikamwandikia aliyeuandika."

Bibi yule, aliyekuwa akingoja bila kuelewa Kiswahili, alifungua bahasha. Kwanza alitoa picha ya mzee mwenye ndevu nyingi. Huyo, alisema, ni Sir Ambrose Quenby, baroneti, cheo cha Kiingereza ambacho mtoto wa kwanza wa kiume hukirithi. Alizaliwa mwaka 1829, akakaa bungeni miaka ishirini na mitatu, na alijulikana kwa hotuba zake za kutaka watoto watolewe viwandani. Alizaa watoto saba. Rupert, mjukuu wake kwa mwana wa tatu, hakuwa na cheo wala nyumba ya kurithi, ndipo akaenda Kenya kulima mahindi.

"Na wewe?" Protus aliuliza.

"Babu yangu alikuwa ndugu mkubwa wa Rupert. Niseme ukweli. Dada yako aliponiandikia, nilidhani ni tapeli. Watu wawili walishajaribu kunilaghai hivyo. Nilimuuliza maswali kwa miezi mitano. Kisha nikafungua sanduku la babu."

Akamsukumia barua. Rupert aliiandika mwaka 1932, akiwa na homa. Alimwambia kaka yake kwamba ana mtoto wa mwaka mmoja kwa mwanamke aitwaye Namalwa, na kwamba akifa, mtoto asitupwe. Juu ya ukurasa, kwa wino mwingine, kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza. Protus aliyasoma polepole: asijibiwe.

"Huo ni mwandiko wa babu yangu," Rosamund alisema. "Rupert alikufa mwaka uliofuata. Shamba likauzwa."

"Na kukhu akafukuzwa na mtoto mgongoni," Lorine alimalizia. "Hilo aliniambia."

Protus aliisoma ile barua tena. Hakuhisi furaha. Alikuwa akimwona babake akiinuka na kuondoka kila alipoulizwa, na kwa mara ya kwanza alielewa alikuwa akiondokea nini.

"Unataka nini kwetu?" aliuliza hatimaye.

"Ruhusa ya kusahihisha ukurasa. Na kijichupa cha mate, kwa uchunguzi wa vinasaba vya ukoo, ili jamaa zangu wasibishe."

"Mate yangu hupati."

"Chukua yangu," Lorine alisema.

Protus alitoa masharti yake. Jina la Namalwa liandikwe kamili, si "mpishi." Majina ya watoto wa Protus yasiandikwe. Ardhi isitajwe popote. Rosamund aliandika yote kwenye daftari, na Protus akamwomba atie sahihi. Akatia.

Majibu ya uchunguzi yalitoka baada ya wiki saba: damu ilikuwa moja. Lorine alimtumia kakake ukurasa mpya. Chini ya jina la Rupert kulikuwa na Namalwa, kisha Wycliffe Kwembi, kisha wao wawili. Protus aliukagua herufi kwa herufi, akakuta kosa moja katika jina la kijiji, akadai lirekebishwe. Hata hivyo alimtuma wakili wa Kitale kwenye ofisi ya ardhi kuhakikisha hati haijaguswa. Ilikuwa salama, kwa jina la babake.

Ndipo akampigia Naftali. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Nilikushuku," Protus alisema. "Nilidhani unatuuza."

"Mimi nilidhani umefungwa huko," Naftali alijibu. "Nilikuwa nauliza ubalozi."

Kisha Naftali akaanza kumweleza habari za mahindi.