Mto Uliopita Nyuma ya Baba

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mtu akichoshwa na kujidai kwangu namwelewa kabisa. Shamba letu liko kwenye miteremko ya Meru. Upande wa chini tunapakana na jirani, mama wa rika la mama yangu, na katikati kuna mto mdogo ambao kiangazi unauruka bila kukunja suruali.

Jirani alitaka tupande masale ya kuonyesha mpaka, kama wazee walivyofanya. Nikacheka! "Mama, mto ndio mpaka wa asili, hauhami ng'o." Nikamchorea na ramani chini kwa kijiti. Akaitazama, akasema, "Haya, mwalimu."

Kisha nikafyeka matete yote ya ukingo wangu, nikapanda nyanya. Yeye aliacha matete, mikuyu, na mbega wanaodondosha matunda majini. Nikamwona mvivu wa kufyeka. Kumbe!

Masika yalipochachamaa, mto ulishuka na mawe na magogo. Upande wake haukuugusa. Uliingia kwenye nyanya zangu, ukakata kona, ukahamia huko moja kwa moja. Sasa ile kona, chini ya mkuyu ambao nilisahau kuukata, ndipo tulipomzika baba. Mizizi ilimshikilia, namshukuru Mungu, lakini mto umepita nyuma yake, kati ya kaburi na shamba letu. Kwa kanuni yangu mwenyewe, baba alikuwa amehamia kwa jirani.

Mama alilia sana. Siku zote amesema atazikwa ubavuni kwa mumewe, si kwingine. Niliona aibu mpaka chai ikanishinda.

Nikavaa koti, nikavuka, viatu mkononi.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo unafundisha nini?"

Nikaanza maelezo marefu ya mito na mikondo yake. Akanikatiza. "Unataka nini, mwanangu?"

"Namtaka baba," nikasema. Loo, mtu mzima mimi!

Akanishika mkono mpaka kaburini. Palikuwa pamefagiwa, na nafasi ya pembeni imepaliliwa vizuri.

"Hapo ni pa mama yako," akasema. "Tulishaelewana Jumapili, tulipotoka kanisani. Akaniomba nisikuambie, uje mwenyewe."

Nikaketi palepale kwenye tope, na koti langu, nikalia.