Tela Jepesi la Fundi Ongeza

Mtaani walimwita Ongeza, na hakuna aliyemwonea. Ukimwagiza kitanda, fundi huyu wa kuchomelea alikupa kitanda ambacho siku ya kuhama ulimwachia mwenye nyumba. Lori liliwahi kugonga geti lake, likapinda lori. Ukilalamikia uzito alikujibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, halafu akaongeza nondo moja ya bure.

Basi mdogo wake wa kike, mwalimu wa udereva, alipomletea kazi ya tela jepesi, majirani walicheka chini chini. Mwalimu alikuwa amepata wanafunzi mji wa mbali, wa kufundishwa pikapu na gari dogo, na darasa lilikuwa lianze Jumatatu. Mtu mmoja haendeshi magari mawili. Alitaka gari dogo, lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu, lipande tela livutwe na pikapu yake, nayo pikapu ilikuwa na injini ndogo na umri mkubwa. Asipofika na yote mawili, kazi ingekwenda kwa mwingine, na nyingine hakuwa nayo. Kwa kaka yake aliomba jambo moja tu, wepesi.

Ongeza akaahidi. Akachora sakafuni kwa chaki, akakata mabomba membamba ya mraba, akafunga ekseli na springi alizotoa kwenye gari bovu. Mwanzoni tela lilikuwa jembamba la kupendeza. Ila kila alipolitazama alimwona mdogo wake barabarani, magurudumu yakiruka mashimo. Akachomelea chuma cha mshazari ubavuni. Kisha cha pili, ili cha kwanza kisione upweke, kama mkewe alivyomtania. Mwishowe akatandika bati nene sakafu nzima, akapaka rangi, na siku hiyo akalala usingizi mnono.

Alhamisi wakapakia gari, wakaenda kulijaribu tela kwenye mlima wa kutokea mjini. Pikapu ikanguruma, ikafuka moshi, ikafika katikati ya mlima na kusimama. Hawakufua dafu. Ongeza akakimbia kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mwalimu akashuka, akainama, akatazama chini ya gari. Ongeza akajiandaa kutukanwa.

"Kaka, hapa katikati kuna gurudumu gani?"

Hapakuwa na gurudumu. Gari lilikanyaga kushoto na kulia tu; bati lote la katikati lilibeba hewa. Ongeza alilijua hilo kabla hajaulizwa, na mdogo wake alijua kwamba analijua.

"Kila nilichoongeza ni woga," akasema. "Nakuogopea wewe."

"Najua, kaka. Lakini pikapu haiwezi kuuvuta."

Wakalishusha gari dogo, wakageuza, wakarudi karakana. Kesho yake Ongeza akapiga moyo konde, akashika mashine ya kukatia. Akabakiza njia mbili za magurudumu. Vyuma vya mshazari akaviondoa kwa shingo upande, kila kipande kikianguka anashtuka kana kwamba amekatwa yeye. Jioni mwalimu akaja, akalizunguka tela akipapasa maungio, akachungulia hadi uvunguni. Aliposimama alifuta tope kwenye kidole, akasema sasa ni jepesi.

Jumamosi asubuhi pikapu iliupanda mlima polepole, bila kusimama, ikapotea upande wa pili. Ongeza alibaki chini pale barabarani mpaka mpita njia akamuuliza kama anasubiri basi.

Jioni simu ikaita. Mwalimu alikuwa amefika salama, na yote mawili. Ongeza akauliza habari za matairi, springi, kamba, akajibiwa vyote vizima. Alikuwa karibu kuaga.

"Na kile kibomba ulichokichomelea uvunguni," mwalimu akasema, "ukakipaka tope kisionekane. Nilikiona jana."

Mazoea yana taabu. Ongeza akaanza kueleza kwamba ni chembamba, kwamba hakina uzito wa kusema, kisha akajikatiza mwenyewe.

"Mbona hukuniambia nikitoe?"

"Hicho nilitaka kusafiri nacho."